Kwa nini programu kuukuu hushindwa kufungua faili za mtandaoni

KARANI wa shule mjini Butere, Kaunti ya Kakamega, anayetunza hesabu za karo kwa programu ya miaka ya 1990, huweza kufika kazini na kukuta folda ya pamoja haifunguki. Seva mpya imeletwa, nyaya ni zile zile, umeme upo, ila kompyuta ya zamani haioni faili hata moja.

Chanzo aghalabu ni itifaki. Kompyuta za Windows hushirikiana faili kwa itifaki ya SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwaka wa 1983. Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 8, 2014, inajua toleo la kwanza pekee. Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa kupitia kasoro katika toleo hilo, kikafunga kompyuta katika mataifa yapatayo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Baadaye mwaka huo Windows 10 mpya zikaja zikiwa zimelizima. Samba, inayotumika kwenye seva za Linux, ilifanya vivyo hivyo mwaka wa 2019.

Iwapo Windows 10 inaifikia seva na XP haiifikii, toleo ndilo la kushukiwa kwanza. Zote zikishindwa, sharti waya, jina la mtumiaji na neno la siri vikaguliwe.

Baadhi ya mafundi hulirudisha toleo la kwanza kwenye seva. Kazi huendelea, lakini huo ni mlango ambao wezi wanaufahamu fika. Kompyuta za aina hiyo zisiunganishwe na intaneti kamwe. Heri faili zinakiliwe kwanza, kisha programu ihamishiwe kwenye mashine mpya. Ikiwa ni ya biti 16, Windows ya biti 64 haitaiendesha, hivyo itahitaji kompyuta bandia ndani ya ile mpya.

Kuna kasoro nyingine, ya kuchekesha kidogo. Programu za kale huhesabu nafasi ya diski kwa tarakimu zinazokomea gigabaiti 2. Zikikutana na diski kubwa hulalamika kwamba imejaa. Samba inaweza kuagizwa itangaze ukubwa mdogo kuliko ule halisi. Aidha, nyingi hazitambui anwani ya mtandao inayoanza kwa jina la seva, hivyo folda ipewe herufi ya diski, mathalani F au Z.