Moyo unaopiga bila mpangilio na hatari ya kiharusi: mambo ya kujua kwa wakazi wa Nyakabuye na Rusizi

Kiharusi huja ghafla, lakini chanzo chake kinaweza kuwa kimekaa mwilini miaka mingi. Chanzo kimoja ni moyo unaopiga bila mpangilio. Makala haya yanawaeleza wakimbizi na wenyeji namna ya kuutambua ugonjwa huu na kujikinga.

Ni ugonjwa gani?

Vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu vizuri. Damu inayotuama humo inaweza kuganda. Bonge hilo likichomoka na kuziba mshipa wa ubongo, mtu hupata kiharusi. Hatari yake ni karibu mara tano ya mtu asiye na ugonjwa huu. Kwenye kadi ya hospitali huandikwa AF, au FA kwa Kifaransa.

Nani yuko hatarini?

Hatari ya kiharusi huzidi kwa mgonjwa mwenye umri wa miaka 65 na zaidi, mwenye presha, kisukari au moyo dhaifu, na aliyewahi kupata kiharusi.

Lakini si ugonjwa wa wazee tu. Katika nchi zetu, mtoto anayeumwa koo bila kutibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Miaka baadaye, akiwa bado kijana, moyo wake huanza kupiga ovyo. Vali ikiwa imebana, hatari ya kiharusi ni kubwa zaidi.

Utajuaje?

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 60. Yakienda ovyo, mara haraka mara polepole, nenda kituo cha afya. Fanya hivyo pia ukisikia moyo kwenda mbio, kizunguzungu au kuishiwa pumzi. Wengine hawasikii chochote. Kipimo cha umeme wa moyo ndicho kinachothibitisha. Kituo kinaweza kukutuma hospitali ya wilaya. Rusizi ina Mibilizi na Gihundwe.

Dawa gani inazuia kiharusi?

Ni dawa za kuzuia damu kuganda. Warfarini hupunguza hatari kwa karibu theluthi mbili. Aspirini haiwezi kuchukua nafasi yake. Zipo dawa mpya, lakini si za kila mgonjwa: utafiti wa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 4,500 wenye vali zilizoharibiwa na baridi yabisi katika nchi 24, ulionyesha kuwa waliotumia dawa za aina ya warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani.

Ukitumia warfarini:

- Meza kila siku saa ileile, na usikose kipimo cha damu.
- Sombe na lengalenga vinaweza kupunguza nguvu ya dawa. Usiviache, ila kula kiasi kilekile kila wiki.
- Usinunue ibuprofeni, diklofenaki, metronidazoli wala kotrimoksazoli bila kumwambia muuguzi. Mwambie pia kabla ya kuchomwa sindano au kutumia dawa za mitishamba.
- Mwanamke mwenye mimba au anayepanga kuzaa amwone daktari mapema, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.
- Ukitapika damu, ukipata choo cheusi au ukigonga kichwa, nenda hospitali mara moja.

Ukihamishwa au ukisafiri

Kuacha dawa hata siku chache kunarudisha hatari. Kabla ya kuhamia kambi nyingine au kurudi nyumbani, omba dawa za kutosha na barua ya rufaa. Beba kadi yenye jina la dawa, kipimo chake na majibu ya mwisho ya damu. Ukifika, ionyeshe kliniki siku ileile.

Dalili za kiharusi

Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kutotoka vizuri. Hata dalili moja inatosha: piga 912, namba ya bure ya gari la wagonjwa nchini Rwanda. Kumbuka saa dalili zilipoanza na umwambie daktari dawa anazotumia mgonjwa. Usimpe chakula, maji wala aspirini. Dalili zikitoweka baada ya dakika chache, bado mpelekeni hospitali: kiharusi kikubwa kinaweza kufuata.