Mohamed Amin: Mkenya aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia

JUMANNE, Oktoba 23, 1984, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilionyesha taarifa ya takriban dakika saba kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Sauti iliyosikika ilikuwa ya mwanahabari Michael Buerk. Picha zenyewe, za maelfu ya watu waliodhoofu kwa njaa wakiwa wamejikunyata katika baridi ya alfajiri, zilikuwa kazi ya Mkenya, Mohamed Amin.

Mamia ya vituo vya runinga duniani viliirudia taarifa hiyo. Mwanamuziki Bob Geldof, aliyeitazama akiwa nyumbani kwake, aliwakusanya wenzake wakarekodi wimbo wa kuchangisha fedha, na Julai 13, 1985, likafanyika tamasha kubwa la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia.

Wengi humkumbuka Amin kwa dakika hizo saba tu, na hapo ndipo anapopunjwa. Kufikia wakati huo alikuwa ameifanya kazi yake kwa zaidi ya miaka 20.

Alizaliwa Agosti 29, 1943, mtaani Eastleigh, jijini Nairobi, katika familia yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mwashi katika shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamisha familia hadi Dar es Salaam. Huko ndiko kijana huyo alikopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu, na akiwa angali mwanafunzi akaanza kuyauzia magazeti picha za mashindano ya magari ya Safari. Mnamo 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Alikuwa hajatimiza umri wa miaka 21 mapinduzi ya Zanzibar yalipozuka Januari 1964, naye akayanasa katika filamu.

Kisiwa hichohicho nusura kimwangamize. Mnamo 1966 alikamatwa Zanzibar, akazuiliwa gerezani kwa takriban mwezi mmoja, kisha akafukuzwa Tanzania. Alirejea Nairobi na kuifanya makao ya kampuni yake hadi kifo chake.

Jumamosi, Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi katika barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue, Amin alikuwa miongoni mwa wanahabari wa kwanza kufika. Picha zake za alasiri hiyo zimebaki kuwa sehemu ya kumbukumbu za taifa. Mwaka huohuo alituzwa nchini Uingereza kama mpigapicha bora wa runinga.

Alikuwa mtu asiyekubali mlango ufungwe. Idi Amin alipotoweka baada ya kupinduliwa 1979, ni yeye pamoja na Brian Barron wa BBC waliomfikia Saudi Arabia mnamo 1980 na kumhoji. Kando na habari za vita, alitoa vitabu vingi vya picha, kikiwemo kile cha 1978 kuhusu Hija, na kingine kuhusu watu wa Ziwa Turkana.

Safari ya Korem nayo haikuwa rahisi. Septemba 1984 serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imeadhimisha kwa fahari miaka 10 ya mapinduzi, na haikutaka wageni waone yaliyokuwa yakitendeka kaskazini. Amin, aliyeongoza ofisi ya shirika la habari la Visnews mjini Nairobi, alizijua njia za kuomba vibali na watu wa kuombwa. Ujuzi wa aina hiyo hauonekani kwenye skrini, lakini bila huo pengine taarifa ile isingekuwapo.

Wapo waliozilaumu picha hizo baadaye. Walisema ziliionyesha njaa kana kwamba ni balaa la ukame pekee, ilhali vita na sera za serikali vilichangia pakubwa, na kwamba ziliiachia Ethiopia sura ya ombaomba. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kamera haikuwa na uwezo wa kusubiri siasa zielezwe kikamilifu wakati watu walikuwa wakifa kila siku. Mnamo 1985 Amin mwenyewe alirejelea maudhui hayo kwa mapana zaidi katika filamu yake African Calvary.

Ethiopia ilimdai zaidi. Juni 4, 1991, siku chache baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka jijini Addis Ababa alipokuwa akilipiga picha. Mrekodi sauti wake, Mkenya John Mathai, aliuawa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Wengi walidhani amefikia mwisho wa kazi, lakini baada ya miezi michache alirudi akiwa na mkono wa bandia, akajizoeza upya kuibeba na kuiendesha kamera.

Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya Ethiopian Airlines jijini Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi, akiandamana na mwandishi Brian Tetley, mshirika wake wa miaka mingi katika vitabu. Ndege hiyo aina ya Boeing 767 ilitekwa nyara na wanaume watatu waliotaka wapelekwe Australia, wasisadiki maelezo ya rubani Leul Abate kwamba mafuta hayangetosha. Mafuta yalikwisha, na ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, Amin na Tetley wakiwa miongoni mwao. Baadhi ya manusura walisimulia kwamba Amin alisimama kujadiliana na watekaji hadi dakika za mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Aliacha mjane na mwana mmoja, Salim, aliyeirithi Camerapix pamoja na hazina ya mamilioni ya picha. Kwa jina la baba yake kulianzishwa wakfu jijini Nairobi wa kuwafunza vijana wa Afrika utengenezaji wa filamu na uanahabari wa runinga. Mnamo 2006 ilitolewa filamu ya Mo & Me, ambamo Salim anasimulia maisha ya baba aliyeijua kila vita barani lakini akawa mgeni nyumbani kwake.