Kutoka Gereza la Jadotville Hadi Meza ya Brussels

Kilomita takriban 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga, upo mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville kwa kumtukuza Jean Jadot, mhandisi na bwana mkubwa wa Société Générale, ile shirika ya matajiri wa Brussels iliyoizaa kampuni ya Union Minière. Tangu asili yake ulikuwa mji wa matanuri na makambi ya wafanyakazi, na msomaji wa mbali, kama aliwahi kuusikia, basi huenda aliusikia kwa ajili ya shaba ya Shituru, au kwa ajili ya Shinkolobwe iliyo jirani, ambako ilichimbwa sehemu kubwa ya urani iliyotiwa katika bomu la Hiroshima. Walakini katika tarehe ya siasa za Kongo mji huu una daraja lake lingine, nalo halikutokana na madini. Mwezi wa Januari 1960 gereza la Jadotville lilimpokea mahabusu mmoja aliyehukumiwa miezi sita, likakaa naye siku tatu tu, likamtoa. Na kabla ya muda wa kifungo chake kwisha, lau angalikitumikia chote, mtu huyo alikuwa Waziri Mkuu wa dola mpya. Jina lake Patrice Lumumba.

Si ajabu kwamba aliletwa Katanga. Serikali ya kikoloni ilikuwa na desturi ya zamani ya kumwondoa mtu katika kabila lake na lugha yake na kumtupa mbali, ili sauti yake izimike kwa kukosa wa kuisikiliza. Simon Kimbangu, aliyehubiri huko Nkamba katika Kongo ya Chini mwaka 1921, alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa Élisabethville, akakaa gerezani miaka 30 hata akafariki humo mwezi wa Oktoba 1951. Fauka ya hayo, Katanga yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja mkono wa serikali: mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma, wa Jadotville na wa Élisabethville, wakidai nyongeza ya mshahara kwa kuwa vita ya Ulaya ilipandisha bei ya vitu vyote, wakajibiwa kwa risasi. Baada ya hapo makambi yalitulia, na wakubwa wa kampuni wakajisifu kwamba Katanga haina siasa. Kwa macho ya Wabelgiji, basi, hapakuwa na mahali pafaapo kuliko hapa pa kumwekea mtu mwenye maneno mengi.

Lumumba alikuwa amezaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Sankuru, akawa karani wa posta Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, na humo akajipatia sifa ya kuandika na ya kusema. Gereza halikuwa geni kwake. Mwaka 1956 alishtakiwa kwa kutumia fedha za posta, akafungwa mwaka mmoja na zaidi kidogo, na humo ndani akaandika kitabu juu ya mustakabali wa Kongo, ambacho hakikuchapwa ila mwaka 1961, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa. Atakayekisoma leo atastaajabu kwa upole wake, maana mle ndani Lumumba angali anaomba urafiki baina ya mweupe na mweusi chini ya bendera ya Ubelgiji. Kwa hiyo wale wasemao kwamba ni jela iliyomfanya kuwa mpinzani wa ukoloni hawajalipima jambo sawasawa: jela ya kwanza ilimtoa mtu mwenye adabu ya karani. Kilichombadilisha ni Léopoldville, ambako aliuza bia ya Polar na kujuana na watu wa kila kabila. Ni kuundwa kwa chama chake cha MNC mwezi wa Oktoba 1958. Na ni safari ya Accra mwezi wa Desemba mwaka huohuo, katika mkutano wa watu wa Afrika nzima ambao Kwame Nkrumah alikuwa mwenyeji wake.

Kifungo cha pili kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 1959 chama chake kilifanya mkutano mkuu Stanleyville, na ulipokwisha zikazuka ghasia, watu kadha wa kadha wakauawa, na tarehe 1 Novemba Lumumba akakamatwa kwa shtaka la kuchochea fitina. Mwezi wa Desemba serikali ilifanya uchaguzi wa mabaraza ya miji, nao watu wa Stanleyville wakakipa chama cha mahabusu ushindi usio na mfano. Hakimu aliyemhukumu mwezi uliofuata, kwa hiyo, alikuwa akimhukumu mtu ambaye mji mzima umekwisha kumpigia kura akiwa kizuizini. Wabelgiji waliyaona mambo haya mawili, kesi na uchaguzi, kama faili mbili za idara mbalimbali, na nadhani hapo ndipo walipopotewa na hesabu.

Kesi ilikwisha tarehe 21 Januari 1960, na siku ya pili yake mfungwa alisafirishwa, mikono katika pingu, zaidi ya kilomita 1,000 hata Jadotville. Lakini siku hizohizo huko Brussels ulikuwa umefunguliwa, tangu tarehe 20, Mkutano wa Meza Duara, ambamo Wabelgiji waliwaita viongozi wa Kongo waje kushauriana nao juu ya uhuru. Wajumbe hao walikuwa mahasimu wao kwa wao. Walikuwamo watu wa chama cha Abako cha Kasavubu, watu wa chama cha Conakat cha Tshombe, na hata wale waliojitenga na Lumumba katika chama chake mwenyewe mwaka uliotangulia. Ijapokuwa hivyo waliungana wote kuwa upande mmoja, wakasema kwamba mazungumzo bila ya Lumumba hayana maana. Serikali ya Ubelgiji, iliyomtia mtu huyu gerezani kwa sheria, ikamtoa kwa haja. Tarehe 25 alifunguliwa, na tarehe 26 alishuka katika uwanja wa ndege wa Brussels amevaa suti na tai, akainua mikono mbele ya wapiga picha waone vifundo vilivyofungwa bendeji, pale pingu zilipomchubua. Ile picha imo katika vitabu hata leo. Kesho yake, tarehe 27 Januari, siku ya uhuru ilikubaliwa kuwa 30 Juni.

Uchaguzi ulifanywa mwezi wa Mei. Chama cha Lumumba kilipata viti 33 katika 137 vya Baraza la Wawakilishi, nacho ndicho kilichotangulia vyote, ila kilikuwa mbali na wingi wa kutawala peke yake. Ikambidi afanye maafikiano na vyama zaidi ya 10, kugawa wizara kama mtu anavyogawa urithi baina ya ndugu wasiopatana, hata tarehe 24 Juni serikali yake ikapata kura 74 barazani, tano tu zaidi ya nusu ya viti. Katanga nayo ilikuwa na hesabu yake. Katika baraza la mkoa Conakat ilipata viti 25 katika 60, na wapinzani wake wa Cartel, wengi wao wafuasi wa Jason Sendwe, viti 23. Na wapinzani walipotoka nje ili akidi ya theluthi mbili isitimie, bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria ya msingi katikati ya Juni, ili Conakat iweze kuunda serikali ya mkoa bila yao. Hivyo Moïse Tshombe alishika madaraka kwa sheria iliyokatwa kwa kipimo chake, na tarehe 11 Julai akaitangaza Katanga kuwa dola mbali. Mji wa Jadotville, uliomtoa Waziri Mkuu katika gereza lake, ukawa chini ya bendera ya mtu asiyemtambua.

Hapa inafaa kuitazama nchi nyingine, nayo ni Ayalandi, kwa sababu hadithi yake iliingia Likasi kwa miguu. Mwezi wa Septemba 1961 kikosi cha Umoja wa Mataifa, Waayalandi 150 na ushei chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilizingirwa Jadotville na askari wa Katanga wakiongozwa na mamluki wa Kizungu. Wakapigana tangu tarehe 13 hata 17, hawakufiwa na mtu, kisha maji na risasi zikawaishia, wakasalimu amri na kufanywa mateka wiki kadhaa. Usiku huohuo wa kuamkia tarehe 18 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Na ni nani aliyewatuma vijana hao? Waziri Mkuu wa Ayalandi wakati huo alikuwa Seán Lemass, ambaye ujanani mwake, mwaka 1916, alishika bunduki katika jengo la posta la Dublin kuwaasi Waingereza. Akafungwa katika kambi ya Ballykinlar, na baadaye akafungwa tena na Waayalandi wenziwe katika vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Akachaguliwa mbunge mwaka 1924. Na Rais wa nchi alikuwa Éamon de Valera, aliyehukumiwa kufa mwaka 1916, akaachiliwa mwezi wa Juni 1917, na mwezi uliofuata akashinda uchaguzi wa Clare Mashariki.

Tofauti yao na Lumumba si ya ushujaa. De Valera alitoka gerezani mwaka 1917 na hakuwa mkuu wa serikali ya dola iliyotambuliwa ila mwaka 1932. Lemass alichaguliwa mwaka 1924 na hakukubali kukaa barazani hata 1927. Katika miaka hiyo walishindwa vita, wakagombana, wakaunda chama kata kwa kata, wakazoea kuhesabu kura na kuwajua makarani na maaskari wa dola watakayoirithi. Lumumba alipewa miezi mitano. Jeshi alilolikuta, Force Publique, lilikuwa na maafisa Wabelgiji watupu, nalo liliasi siku tano baada ya sherehe za uhuru. Hata Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka 1953, aliachiliwa Agosti 1961 na kuwa Waziri Mkuu Juni 1963, akapata karibu miaka miwili ya kukiweka sawa chama cha KANU.

Nakumbusha pia, kwa kuwa ni jambo lenye kejeli yake, kwamba mwakilishi wa Umoja wa Mataifa huko Élisabethville wakati wa vita vile vya Septemba alikuwa Conor Cruise O'Brien, Mwayalandi, ambaye baadaye naye aliingia bungeni kwao, akawa waziri wa posta mwaka 1973, na akawa mkali kuliko wote katika kuwanyima redio na televisheni watu wa Sinn Féin, chama ambacho kilikuja kuwaingiza wafungwa wa kizazi kipya katika mabaraza. Gerry Kelly, aliyefungwa kwa mabomu ya London ya mwaka 1973 na kutoroka gereza la Maze mwaka 1983, alichaguliwa katika Baraza la Ayalandi ya Kaskazini mwaka 1998.

Lumumba alirudishwa Katanga kwa mara ya mwisho akiwa mfungwa tena. Tarehe 17 Januari 1961, hata mwaka haujatimia tangu atoke Jadotville, alishushwa Élisabethville pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku uleule wakapigwa risasi porini Shilatembo, kando ya njia iendayo Likasi.

Likasi, kwa upande wake, haikuacha kuwa mji wa wafungwa wa siasa. Gereza la Buluo lililo karibu na mji lilitumiwa na serikali ya Laurent-Désiré Kabila mwaka 1998 kumfungia Joseph Olenghankoy, kiongozi wa chama cha FONUS, naye akatoroka humo, akakamatwa tena. Baada ya mapatano ya amani akawa waziri wa uchukuzi mwaka 2003. Ulipofika uchaguzi wa rais wa tarehe 30 Julai 2006, wagombea walikuwa 33, naye akiwa mmojawapo, akishindana na Joseph Kabila, mtoto wa yule aliyemfunga. Hakufikisha hata kura moja katika kila 100.