Kura ya komini: tangu mwaka 1957 hata siku zetu



Habari ya kura ya kumchagua mkubwa wa inchi inajulikana kwa wote. Wakati wake ukifika, watu huizungumza sokoni, katika gari, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Lakini kura ya komini, ile ya kuchagua wale wanaoangalia soko letu, barabara ya mtaa wetu na kitabu cha kuandikia watoto waliozaliwa, wengi huihesabu kuwa kitu kidogo. Wengine husema: «Wakubwa wa komini wanawekwa na Leta. Sisi tutafanya nini?»

Lakini kura ya komini ndiyo iliyotangulia zingine zote katika Kongo. Wazee wetu waliipiga zaidi ya miaka miwili mbele ya Uhuru. Leo tutaeleza ilianza ginsi gani, ilileta mema gani na mabaya gani, ilipotea kwa njia gani, na siku hizi mtu anajiandikisha na kuipiga namna gani.

I. Mbele ya kura

Zamani za Wabelgiji, watu walitoka vijijini kutafuta kazi mijini: kwa reli, kwa migodi, kwa viwanda, kwa nyumba za Wazungu. Walikaa katika site yao, mbali na mtaa wa Wazungu. Mwaka 1931 ilitoka sheria ya kusimamisha kile kilichoitwa «centre extra-coutumier», maana yake mahali palipo nje ya utawala wa masultani wa kikabila. Hapo paliwekwa chefu na baraza lake.

Nani aliwachagua hawa? Serikali. Watu walilipa kodi, walishika amri za usafi, walionyesha vitabu vyao walipoombwa. Lakini hakuna aliyewauliza: «Ninyi mnataka nani awasimamie?»

II. Desemba 1957

Tarehe 26 Machi 1957 ilitoka sheria mpya ya miji. Mji ulikatwa vipande, na kila kipande kikaitwa komini, chenye baraza lake na burgomestri wake. Wanabaraza walipaswa kuchaguliwa na wakaaji wa komini. Watu wa Léopoldville walipiga kura tarehe 8 Desemba 1957. Wale wa Elisabethville na Jadotville, tarehe 22 mwezi uleule. Desemba ya mwaka 1958 ikawa zamu ya Bukavu, Stanleyville, Luluabourg na Coquilhatville.

Tusidhani kwamba kura ile ilikuwa kamili. Waliopiga walikuwa wanaume tu, wenye miaka 25 au zaidi. Wanawake hawakuitwa, ingawa wao ndio waliojua kuliko waume zao taabu ya maji na bei ya soko. Tena serikali haikupenda kutumia neno «uchaguzi». Ilisema «consultation», maana yake kuomba shauri tu. Neno la mwisho lilibaki kwake. Juu ya makomini yote ya mji akakaa burgomestri wa kwanza, Mbelgiji aliyewekwa na serikali.

Hata hivyo mlango ulifunguka. Katika Léopoldville, Bwana Joseph Kasa-Vubu, mkubwa wa Abako, aliyesoma zamani katika seminari, akawa burgomestri wa komini ya Dendale. Mwezi Aprili 1958, siku ya kuingia kazini, hakuridhika kushukuru tu. Aliomba mbele ya wote uchaguzi wa inchi nzima, na haki ya Wakongo kujitawala katika mambo ya ndani. Miaka miwili na miezi michache baadaye alikuwa Prezidenti wa kwanza wa Kongo. Na komini ya Dendale leo inaitwa Kasa-Vubu.

Basi, ndugu, tunaona nguvu ya jambo dogo. Serikali ilidhani inawapa watu kazi ya kuangalia mifereji na masoko. Watu walipata mahali pa kusimama na kusema.

III. Fundisho la Elisabethville

Lakini historia ya kweli haisemi mema peke yake. Tuangalie Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Makomini ya Waafrika yalikuwa manne: Albert (siku hizi Kamalondo), Kenya, Katuba na Ruashi. Mji ule ulijaa watu kutoka pande zote, walioitwa na kazi ya shaba na ya reli. Watu wa Kasai walikuwa wengi sana, na wengi wao walikuwa na masomo na kazi za ofisi.

Vyama vya siasa vilikuwa karibu havijazaliwa. Mpiga kura aliangalia nini basi? Mara nyingi aliangalia kabila. Kura zilipohesabiwa, walio wengi kati ya maburgomestri walikuwa watu waliotoka Kasai na Kivu. Wenyeji wa Katanga waliona uchungu. Walisema: «Tunatawaliwa na wageni katika inchi ya babu zetu.» Mwezi Oktoba 1958 wakaunda Conakat, chama cha kutetea wenyeji. Tarehe 11 Julai 1960, chama hicho, kikiongozwa na Bwana Moïse Tshombe, kikatenga Katanga na Kongo. Mwaka 1961 maelfu na maelfu ya Wabaluba walikimbia nyumba zao katika Elisabethville, wakakaa kambini chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Na miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai wakafukuzwa tena, hasa katika Likasi na Kolwezi. Wengi walikufa njiani na katika vituo vya garimoshi.

Je, kura ya 1957 ndiyo iliyoleta mabaya hayo yote? Hapana. Kulikuwa na mengine: mali ya shaba, hila za Wazungu waliotaka kuishika, tamaa ya wakubwa. Lakini kura ile ilionyesha ugonjwa uliokuwa umejificha.

Tupime neno hili bila kupendelea upande. Mtu wa Kasai aliyekaa miaka ishirini katika Kenya, aliyelipa kodi na kulea watoto wake pale, alikuwa na haki ya kuchagua na kuchaguliwa. Hakuiba kitu. Mwenyeji wa Katanga naye aliogopa kusahauliwa kwao, na hofu yake haikuwa ya bure. Kosa lilikuwa mahali pengine: kura ilikuwa imegeuka kuwa hesabu ya makabila. Na hapo ndipo pana hatari. Kama kila mmoja anachagua kabila lake, matokeo yanajulikana mbele ya siku ya kura. Aliye na watu wachache anajua kwamba atashindwa leo, kesho na daima. Basi anaacha kura, anatafuta njia nyingine. Na njia hiyo mara nyingi ni fimbo, au bunduki. Lakini watu wakichagua kwa kazi na mwenendo, aliyeshindwa leo anaweza kushinda safari nyingine. Kwa hiyo anangoja kwa amani.

IV. Kura inapotea

Desemba 1959 palikuwa tena na uchaguzi wa makomini na wa teritware. Abako walikataa kushiriki, na mahali pengi katika Bas-Congo masanduku yalibaki matupu. Katika Stanleyville chama cha Bwana Patrice Lumumba kilishinda kwa nguvu. Mwezi Mei 1960 ikaja kura ya wadepite. Walioipiga walikuwa bado wanaume tu. Tarehe 30 Juni 1960 tukapata Uhuru.

Miaka mitano baadaye, tarehe 24 Novemba 1965, jeshi la Mobutu lilitwaa utawala. Mwaka 1967 wanawake walipata haki ya kupiga kura. Neno hilo lilikuwa jema. Lakini walipoipata, kura yenyewe ilikuwa inaanza kufa. Chama kimoja tu, MPR, kiliruhusiwa. Mwaka 1970 mtu aliyetakiwa kuchaguliwa awe Prezidenti alikuwa mmoja tu. Mchaguzi alipewa karatasi mbili: ya kijani, yaani matumaini, na nyekundu, yaani machafuko. Nani angethubutu kuchukua nyekundu mbele ya macho ya wakubwa? Mwaka 1975 hata karatasi ziliachwa: majina ya wadepite yalisomwa mbele ya watu waliokusanyika, nao wakapiga makofi. Tangu hapo watu wengi walijifunza kwamba kura ni sherehe, si shauri.

V. Kura inarudi, lakini polepole

Baada ya vita viwili vikubwa, Kongo ilijiandaa tena. Mwaka 2005 watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa. Kazi hiyo iliongozwa na padri, Abbé Apollinaire Malumalu wa jimbo la Butembo-Beni. Mwezi Desemba wa mwaka ule watu walikubali katiba mpya, na mwaka 2006 wakachagua Prezidenti na wadepite.

Katiba hiyo, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema wazi kwamba mji, komini, sekta na sheferi vinajitawala kwa vyombo vyao. Lakini miaka 17 ilipita bila kura ya komini. Uchaguzi wa 2011 ukapita, wa 2018 ukapita, na maburgomestri waliendelea kuwekwa kutoka juu. Mwishowe, tarehe 20 Desemba 2023, watu walichagua wanabaraza wa komini. Lakini katika miji mikubwa ya majimbo tu. Masekta na masheferi hayakupiga kura hiyo. Na katika Masisi, Rutshuru na Kwamouth vita vilizuia kura zote.

Mtu atauliza: «Pana faida gani?» Pana faida. Sheria ya mwaka 2008 inasema kwamba sehemu ya fedha ambazo Leta inaachia majimbo inapaswa kufika mpaka kwa makomini, masekta na masheferi. Mara nyingi haikufika ilivyoandikwa. Burgomestri aliyewekwa kutoka juu anamwogopa aliyemweka. Hawezi kudai sana. Baraza lililochaguliwa na watu lina wa kuliuliza, nalo lina sababu ya kudai.

VI. Mambo ya kushika

Wasomaji hutuuliza mara nyingi: «Tufanye nini?» Haya ndiyo mambo ya lazima.

1. Jiandikishe. Kila Mkongo, mwanamume au mwanamke, mwenye miaka 18, ana haki hiyo. Askari na polisi walio kazini hawaandikishwi. CENI, yaani Tume ya Uchaguzi, hufungua vituo kwa muda tu. Safari iliyopita vilianza kufunguliwa tarehe 24 Desemba 2022, na watu zaidi ya milioni 43 wakaandikishwa. Tangazo likitoka, usingoje siku ya mwisho.

2. Chukua karatasi zako. Asiye na karatasi yoyote asirudi nyumbani kwa huzuni. Sheria inakubali ushuhuda wa watu watano wakaaji wa mahali pale, ambao wenyewe wameandikwa katika kituo kile. Ndiyo maana ujirani mwema una faida.

3. Jiandikishe mara moja tu, tena mahali unapokaa kweli. Kujiandikisha mara mbili ni kosa mbele ya sheria. Ukienda kujiandikisha katika komini ya ndugu yako ili kuongeza hesabu yake, hutachagua wale watakaotengeneza barabara ya mlango wako.

4. Karte ni bure. Usilipe mtu. Itunze mbali na maji na jua, kwa maana nyingi zimefutika maandishi.

5. Siku ya kura, ofisi hufunguliwa saa kumi na mbili ya asubuhi na kufungwa saa kumi na moja ya jioni. Aliyekwisha kufika mstarini mbele ya kufungwa ana haki ya kupiga. Mzee au kipofu asiyeweza peke yake anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Kura ni siri: mume asimwamuru mkewe, wala mkubwa wa kazi asiwaamuru watumishi wake.

6. Kura zinahesabiwa palepale, mbele ya mashahidi wa wagombea na waangalizi, na karatasi ya matokeo inabandikwa nje. Nenda uisome. Mwaka 2018 maaskofu wetu walipeleka waangalizi karibu 40.000. Kazi hiyo inahitaji watu wanaojua kusoma na wasionunulika. Parokia zetu zina vijana wa namna hiyo.

VII. Kumwuliza anayeomba kura

Mgombea akija na fulana, chumvi na pombe, mumwulize maneno manne. Unakaa katika komini hii tangu lini? Fedha za soko letu zinakwenda wapi, na utatuonyesha namna gani? Utafanya nini ili watoto wetu waandikwe bure katika siku 90 zilizowekwa na sheria? Na majirani wa kabila lingine wanasema nini juu yako?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Mtu anayesifiwa na kabila lake tu, hatujui bado kama ni mwema. Lakini akisifiwa na jirani asiye wa lugha yake, fundi aliyemfanyia kazi akalipwa, mjane aliyemkopesha akarudishiwa, huyo tunaweza kumpa kura bila hofu.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee wa 1957 walipewa kidole kimoja tu, na wake zao hawakupewa hata kimoja. Sisi tumepewa mkono mzima. Tuutumie kwa akili na kwa amani.