Kuonea mono si maumbile

Kutoka Migori hadi Homa Bay utaambiwa kuonea mono bwenini ni maumbile. Zii. Kwa maabara, panya mnyonge akifungiwa na mbabe hula kidogo, anakonda. Akitolewa anafakamia chakula, mafuta yanajaa tumboni. Stresi hiyo.

Sasa vuka mpaka wetu uingie Narok. Robert Sapolsky alianza kufuatilia nyani huko Mara mwaka 1978. Miaka ya 80, madume wakali wa kundi moja walienda kupigania mabaki ya loji ya watalii. Nyama ilikuwa na TB, ikawamaliza. Wakabaki wapole, na wanyonge miili yao ikatulia. Kufikia 1993 madume wote walikuwa wageni kutoka makundi mengine, lakini upole ulikuwa palepale.