Caprilli na Mapinduzi ya Kumfundisha Farasi Kuruka

Ufundi wa kumrusha farasi viunzi akiwa na mtu mgongoni ni mchanga kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ijapokuwa binadamu amempanda mnyama huyo kwa maelfu ya miaka, vitani na safarini, walimu wa zamani wa Ulaya walishughulikia zaidi utiifu wake na mwendo wa madaha uwanjani kuliko uwezo wake wa kuvuka kizuizi. Haja ya kuruka ilikua hasa Uingereza katika karne ya 18, pale sheria za Bunge ziliporuhusu ardhi ya pamoja ya vijiji igawanywe na kuzungushiwa nyua, na wawindaji wa mbweha, waliozoea kuwakimbiza farasi katika nchi iliyo wazi, wakajikuta wakikabili ua au mtaro kila baada ya masafa mafupi. Kilichoanza kama usumbufu wa mawindoni kiligeuka mchezo: mwaka 1868 farasi walishindanishwa mjini Dublin kuruka juu na kuruka mbali, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 farasi wawili waligawana ushindi wa kuruka juu baada ya wote kuvuka mita 1.85.

Mafunzo yenyewe, hata hivyo, yalikuwa yamesimama juu ya dhana potofu. Mpandaji alifundishwa kukaa na vikuku virefu (kikuku ni pete ya chuma inayoning'inia kwenye tandiko ili mguu ukanyage humo), na alipokaribia kiunzi aliegemea nyuma, akatanguliza miguu na kuvuta hatamu, kwa imani kwamba kwa njia hiyo alikuwa akiinua kichwa cha farasi na kuipunguzia miguu ya mbele mzigo wakati wa kutua. Kwa kweli alikuwa akimwadhibu mnyama wake kwa kuruka. Lijamu, yaani chuma kinachokaa kinywani, kilimuumiza mdomo hasa pale alipohitaji kunyoosha shingo ili kujipatia mizani. Uzito wa mpandaji ulimwangukia kiunoni wakati uleule miguu ya nyuma ilipotakiwa kuinuka. Na haikuwa ajabu kwamba farasi wengi waligonga ufito, au walijifunza kukataa kabisa kuukaribia.

Aliyeupindua utaratibu huo ni Federico Caprilli, ofisa wa askari wapanda farasi wa Italia, aliyezaliwa Livorno mwaka 1868 na kufundisha katika shule za jeshi za Pinerolo na Tor di Quinto. Caprilli alimchunguza farasi anayeruka bila mtu mgongoni, akaona kwamba mnyama huyo hushusha kichwa ili kupima kizuizi, hukusanya miguu ya nyuma chini ya tumbo, hujisukuma, kisha hupinda mgongo na kunyoosha shingo akiwa hewani, na hutua kwa miguu ya mbele. Hitimisho lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulikubali: aliyehitaji kufundishwa upya hakuwa farasi bali mtu. Alifupisha vikuku, akamwinua mpandaji kutoka kwenye tandiko ili uzito ushikwe na magoti na nyayo badala ya kiuno cha mnyama, akamwinamisha mbele, na akaitaka mikono ifuate mdomo wa farasi popote unapoelekea. Farasi naye alizoezwa polepole juu ya vizuizi vya chini, akiachwa ajihesabie hatua zake mwenyewe, ilhali huko Tor di Quinto maofisa waliteremshwa kwenye miporomoko mikali ambako kiwiliwili kilichoegemea nyuma kilidhihirisha kosa lake mara moja.

Ushahidi uliowanyamazisha wengi ulionekana Torino mwaka 1902, Caprilli alipomrusha farasi wake Melopo mita 2.08. Aliandika machache sana, na mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 39, alianguka kutoka kwa farasi mjini humohumo akafariki. Maarifa yake yaliokolewa na wanafunzi, wakiwemo maofisa wa kigeni waliopelekwa Italia kujifunza. Mmoja wao, Mrusi Paul Rodzianko, alikuja kuwafundisha wapandaji wa jeshi la Ireland, waliokuwa wakiwania mjini Dublin kombe lililotolewa mwaka 1926 na Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia.

Tangu hapo zana za mafunzo zimeongezeka. Kavaleti, yaani fito zinazoinuliwa kidogo tu kutoka ardhini, hupangwa kwa nafasi ya takriban mita 1.3 kwa farasi anayekwenda mchakamchaka, ili ajifunze kuinua kwato na kulinganisha hatua. Na kwa kuwa hatua moja ya shoti ni karibu mita 3.6, mwalimu anaweza kumrefushia au kumfupishia farasi hatua kwa kusogeza kiunzi tu, bila kumgusa mdomo.

Caprilli, hata hivyo, hakushinda kila hoja. Viunzi vilipohamia katika viwanja vyenye kona kali na fito za rangi zilizopangwa kwa hila, farasi aliyeachwa ajiamulie kila kitu hakutosha, na Wajerumani wakarudisha mazoezi ya utiifu ambayo Mwitaliano huyo aliyapuuza, lakini wakiuhifadhi ukaaji wake wa kuinama mbele. Mwaka 1956, katika mashindano ya farasi ya Olimpiki yaliyofanyika Stockholm, Mjerumani Hans Günter Winkler alichanika msuli wa kinena katika mzunguko wa kwanza, na katika mzunguko wa pili maumivu yalimwacha na uwezo mdogo mno wa kumwongoza jike lake Halla. Halla alivuka viunzi vyote bila kosa, na Winkler akatwaa dhahabu yake mwenyewe pamoja na ile ya timu. Wafuasi wa Caprilli waweza kudai ushindi huo ni wao, kwa kuwa farasi aliruka karibu peke yake. Ila jike huyo, aliyejulikana kwa ukaidi, asingefika mahali pa kuaminiwa kiasi hicho bila miaka ya kazi ya utiifu chini ya mpandaji huyohuyo.