Dondo: Kinachozuia Wino Usitambae Kwenye Karatasi

Katika maduka ya shajala ya Kariakoo, karatasi huuzwa kwa gramu. Rimu ya A4 imeandikwa 70, 75 au 80, na namba ikipanda bei nayo inapanda. Anayenunua kwa ajili ya mashine ya fotokopi hana haja ya kuuliza zaidi. Mwenye kalamu ya wino, ile yenye nibu na tangi lake dogo, anaweza kulipia gramu 80, akaandika jina la ampendaye kwenye mstari wa kwanza, na herufi zikaota ndevu pale pale. Akigeuza karatasi analikuta jina lile lile upande wa pili, linasomeka kinyumenyume.

Gramu hizo ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba. Karatasi 16 za A4 zikipangwa pamoja hutimiza eneo hilo, kwa hiyo karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 hivi, na rimu ya karatasi 500 inakaribia kilo mbili na nusu. Mwenye shaka aiweke kwenye mizani. Namba ni ya kweli, inapimika, na inamfaa mfanyabiashara anayelipia mzigo bandarini. Kuhusu wino haisemi lolote.

Ushahidi unatoka Japani. Karatasi ya Tomoe River, inayosifiwa na wapenzi wa kalamu za wino pengine kuliko nyingine yoyote, ilipata sifa hiyo ikiwa na gramu 52 tu. Ni nyepesi kiasi kwamba kivuli cha maandishi ya nyuma kinaonekana, lakini wino wenyewe haupenyi wala hautambai. Rimu ya kawaida yenye uzito mara moja na nusu ya huo inaweza kushindwa kazi hiyo. Basi kinachotofautisha karatasi hizi mbili ni kitu gani?

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolazwa na kushikana. Nyuzi hizo zinapenda maji, na nafasi ndogo zilizo kati yake huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Wino wa kalamu ya nibu ni maji yaliyotiwa rangi, basi usipozuiwa utafuata kila uzi unaouona. Wino wa peni ya kawaida ni uji mzito wa mafuta, hauendi mbali, ndiyo maana mwanafunzi mwenye kaunta buku na peni yake anaweza kumaliza masomo yote asilijue tatizo hili. Ili karatasi ipokee wino wa maji bila kuunywa, mtengenezaji huitia kitu cha kuzikinga nyuzi. Kitendo hicho Waingereza wanakiita “sizing”, na hapo ndipo mfasiri anapoteleza. Anaona neno linalofanana na saizi ya viatu, anaandika “ukubwa wa karatasi”, na msomaji anabaki anahesabu sentimita.

Kiswahili hakina sababu ya kuhangaika. Kila aliyenunua doti ya kanga Mtaa wa Uhuru anajua kwamba kanga mpya ni kavu na ngumu, inakatika mikunjo, na haikai mwilini mpaka ifuliwe. Kile kinachotoka kwenye maji ya kwanza kina jina la zamani: dondo. Viwandani nako, nyuzi za mtande hutiwa wanga kabla ya kufika kwenye mashine ya kufumia ili zisikatike, na kwa Kiingereza kitendo hicho kina jina lile lile la karatasi. Dar es Salaam ilipata kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1968, kwa hiyo kazi yenyewe si ngeni mjini. Neno moja linatosha nguo na karatasi: karatasi yenye dondo, karatasi isiyo na dondo, kutia dondo.

Wapo watakaopendekeza kanji. Ni neno zuri, linajulikana zaidi, na fundi wa kupiga pasi atalielewa mara moja. Kasoro yake ni kwamba linataja kitu, yaani wanga, wakati karatasi zimetiwa vitu vingi ambavyo si wanga. Mafundi wa Baghdad na Samarkand walitumia wanga wa ngano au wa mchele, kisha wakaisugua karatasi kwa jiwe laini mpaka ing'ae. Waitaliano wa Fabriano, katika karne ya 13, walitumia gundi iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alitangaza njia ya kuchanganya utomvu wa misonobari na shabu ndani ya rojo lenyewe, kabla karatasi haijalazwa. Leo viwanda vingi hutumia kemikali zilizobuniwa katika karne ya 20. Dondo linazibeba zote, na hata linaruhusu kugawanya: dondo la ndani ni lile linalotiwa kwenye rojo, na dondo la juu hupakwa karatasi ikiwa tayari, mara nyingi likiwa wanga. Mwandishi wa kalamu ya wino anayahitaji yote mawili.

Dondo pia ni jina la kauri kubwa la madoadoa, lile linalong'aa kama limepakwa mafuta. India walikuwepo waliosugua karatasi zao kwa kauri baada ya kuzitia wanga. Ni sadfa tu, lakini sadfa ya namna hii mtunga istilahi haiachi ipite.

Pwani hii nayo imeandika kwa wino muda mrefu. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858 hivi, anamwagiza binti yake achukue wino na karatasi kabla ya kumpa wasia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo orodha yake, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Makaratasi ya pwani yaliletwa na vyombo kutoka ng'ambo, kama karatasi nyingi nyeupe za leo zinavyoshuka bandarini ndani ya makontena. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za mifuko na vifungashio.

Kinachowasumbua wengi zaidi mjini ni kadi. Kamati ya harusi inachapisha kadi za mwaliko, halafu mtu mwenye mwandiko mzuri anakabidhiwa rundo zima ajaze majina juu ya vile vidoti. Akitumia kalamu ya wino kwenye kadi inayometa, jina halitambai hata kidogo. Linakaa juu, linang'aa, na baada ya dakika kadhaa kidole cha mgeni kinalifuta. Hapa kosa ni la upande wa pili: uso wa kadi umepakwa tabaka la madini, mara nyingi chokaa au kaolini, udongo mweupe wa aina ile ile inayopatikana Pugu. Tabaka hilo limewekwa kwa ajili ya picha na rangi za mtambo wa uchapaji. Kadi isiyometa, inayokwaruza kidogo ukipitisha ukucha, ndiyo inayofaa, na mara nyingi upande wa ndani wa kadi ile ile haujapakwa chochote. Kadi za mchango zinazotumwa kwa simu zimeokoa mikono mingi, ingawa mjomba wa heshima bado anasubiri bahasha.

Maabara hupima dondo kwa kipimo cha Cobb: karatasi humwagiwa maji kwa muda maalumu, mara nyingi sekunde 60, kisha hupimwa imekunywa kiasi gani. Jibu nalo hutolewa kwa gramu kwa mita ya mraba, ila namba hii haichapwi kwenye rimu. Mafundi wa zamani Ulaya waliigusa karatasi kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo mwenye duka hatalifurahia. Dukani inatosha kuomba karatasi moja, kuidondoshea tone la maji na kusubiri. Tone likisimama mviringo, dondo lipo. Karatasi ikilinywa papo hapo, mteja aifikirie kwa kukaushia wino, kwa sababu karatasi ya kukaushia hutengenezwa kwa makusudi bila dondo.

Na kwa joto la Dar es Salaam, aliyepata karatasi nzuri aweke karatasi nyingine chini ya kiganja anapoandika. Jasho hulowesha nyuzi na mafuta ya ngozi huukataa wino, hivyo mstari wa mwisho wa ukurasa hukwama hata pale dondo lilipotiwa vizuri. Wakati wa masika rimu iliyofunguliwa irudishwe kwenye mfuko wa plastiki na kulazwa bapa.